Kozi ya Tano na ya Sita

Kambini darajani, 3 Septemba

Dada,

Salamu nilizobeba zinamshinda punda, basi nazitua hapa mlangoni niingie ndani nikiwa mwepesi. Kama unaisoma barua hii mbele ya cherehani, simamisha mguu kwanza. Nina habari kubwa na sitaki ujishone kidole.

Nimepata kazi. Najua umeshaguna, "Nyingine?" Ndiyo, nyingine. Mtu aliyejenga gati mbili za bandari, hoteli ya ghorofa tisa na nyumba ya balozi ambaye mpaka leo ananiulizia, kazi ndiyo inayomtafuta. Lakini hii si ya kila siku. Ni daraja la Baba. Lile lile la barabara inayopita juu ya reli, alilolijenga mimi nikiwa nanyonya na wewe ukimpelekea chakula.

Tunanyanyua kuta zake za ukingo. Ni fupi, Dada. Mtu mzima zinamfika kiunoni, na aliye juu ya baiskeli zinamgusa mguu tu. Mwaka juzi muuza maziwa mmoja alikuwa anakwepa lori, kanyagio likagonga ukuta, yeye na madumu yake wakapinduka mpaka chini relini. Treni haikuwa inapita, ndiyo maana leo nakunywa chai yake. Mguu wa kushoto ulivunjika mara tatu. Maziwa hawezi tena kuyabeba, amefungua kibanda cha chai mwanzo wa daraja. Watu wanamwita Reli, na yeye anaitika. Siku ya kwanza aliniambia, "Fundi, urefushe huo ukuta, mguu uliobaki bado naupenda."

Kazi yenyewe iko hivi. Tunashusha mawe ya juu kabisa, sisi tunayaita kofia. Tunatengeneza kozi za chini, yaani safu za mawe, kwa chokaa, tunaongeza kozi mbili mpya, kisha tunazirudisha kofia juu. Injinia wetu ni binti ambaye ungeweza kumzaa. Haongei, anapima. Amesema mawe ya kuongeza lazima yafanane na ya zamani kwa rangi na ugumu. Yasipopatikana mpaka mwisho wa Oktoba, ataleta vipande vya zege kutoka kiwandani, na sisi waashi sita tutapewa mkono wa kwaheri. Nikamwambia, "Mama, kaa kwa amani. Daraja hili alilijenga baba yangu. Mawe yake nayajua kama ndugu zangu wa tumbo moja." Akaandika kitu kwenye daftari. Sikukiona.

Simu sikupigii, maana ulisema mwenyewe kwamba kwenye simu sikupi nafasi hata ya kukohoa. Barua ataibeba gadi wa treni ya mizigo. Treni inapunguza mwendo hapa chini kwa ajili yetu, nami namteremshia kopo kwa kamba kama mtu anayechota maji kisimani. Wewe mfuate stesheni.

Leo siku ya nne na miguu imeshaanza kuniwasha. Nikimaliza hapa kuna mnara wa maji mahali fulani wananisubiri.

Mdogo wako,
Kiguu-na-Njia (kwa jina lako), Nusu Injinia (kwa jina la huku)


Nyumbani, 8 Septemba

Mdogo wangu,

Kopo limefika likinuka samaki, na barua pia. Safari nyingine lioshe.

Balozi huyo simjui, na nina hakika naye hakujui. Lakini kazi ni kazi, nimefurahi.

Mimi mzima, cherehani nzima. Korongo nyuma ya nyumba lilimeza choo cha jirani mwezi uliopita. Kilikwenda na mlango wake, kufuli juu. Upande wetu ukuta wa Baba umesimama. Kila asubuhi naenda kuushika kwa mkono kabla sijafungua kazi.

Jambo moja tu. Usijitangaze sana huko kwamba wewe ni mtoto wa aliyejenga. Fanya kazi, ulipwe, uondoke kama ulivyozoea. Marehemu hahitaji tarumbeta.

Dada


Darajani, 14 Septemba

Dada mwenye ulimi wa wembe,

Kopo nimeliosha kwa majivu na ndimu. Sasa linanuka ndimu, usije ukalalamikia na hilo.

Tumeufungua ukuta. Unajua Baba alikuwa akichonga alama upande wa chini wa jiwe, ule unaolala kwenye chokaa, asiouona mtu mpaka siku ukuta unapobomolewa? Mimi nilijua pembetatu yake tu. Kumbe kuna na mistari ya tindo. Kozi ya kwanza mstari mmoja kila jiwe, ya pili miwili, mpaka ya nne minne. Wakiyachonga chini na kuyapandisha juu, hayachanganyiki. Akili hiyo.

Sasa cheka. Nikageuza jiwe la kofia nikitegemea mistari mitano. Nikakuta saba. Nikageuza jingine, saba. Zote ni saba. Baba alitoka nne akaruka mpaka saba. Nikawaambia wenzangu, "Mzee alikuwa na mikono ya malaika, ila hesabu ilimpiga chenga, na hapo ndipo nilipoirithi. Mwalimu wangu wa darasa la sita yuko hai, muulizeni." Tulicheka mpaka Reli akamwaga birika. Injinia peke yake hakucheka. Aliinama, akaifuata mistari kwa kidole, akaandika.

Lakini mawe, Dada. Nimezunguka machimbo matatu kwa miguu na kwa lifti ya malori. Yale ya zamani, alikochukua Baba, yamejaa maji na watu wanafuga bata humo. Ya pili mawe yake ni laini, unayakwangua kwa ukucha. Ya tatu ni magumu lakini meupe kama meno. Nilirudi na malengelenge na aibu, maana kila mtu hapa ananiuliza, "Ndugu zako wa tumbo moja wako wapi?"

Ndipo nikakumbuka ukuta wetu wa korongoni. Rangi ya majivu yaliyolowa, ile ile. Baba alituambia aliyanunua huko huko machimboni kwa jasho lake. Tunahitaji mawe mia moja na themanini tu. Nitaleta lori na watu wawili, siku mbili kazi imekwisha, na wewe nitakujengea ukuta wa zege mara nitakapopata nafasi. Baba atakuwa ameongeza mkono kwenye daraja lake akiwa kaburini. Hujaona uzuri wake?

Jibu upesi. Sina kitako cha kungojea.

Nusu Injinia


Nyumbani, 18 Septemba

Mdogo wangu,

Hapana.

Nimelitanguliza jibu usije ukalitafuta katikati ya maneno.

Mvua zinaanza Novemba. Wewe hujawahi kuwa hapa Novemba tangu uote ndevu, hujui korongo linavyonguruma. "Nitakapopata nafasi" uliniambia pia kuhusu paa. Niliweka sufuria tatu sakafuni miaka minne nikiingojea hiyo nafasi.

Mawe haya ni ya nyumba hii. Huko waweke zege. Na hayo ya Baba na hesabu yake, acha kuwachekeshea watu. Rudisha kofia zikae juu, basi.

Dada


Darajani, 23 Septemba

Dada,

Maneno yako nimeyatafuna makavu bila maji.

Najua hasira hii si ya mawe. Ni ya Mama. Alizikwa mimi nikiwa kwenye meli, nikafika siku tatu baadaye na mkungu wa ndizi begani kama mjinga anayekwenda harusini. Tangu siku ile kila ninachoomba kwako kinapimwa kwenye mizani ile. Sawa. Nimestahili. Lakini sasa kuna jambo jingine, na hili huwezi kuninyima.

Injinia amepata mchoro wa zamani kwenye stoo ya reli. Ameutandaza juu ya meza ya Reli, vikombe vinne kwenye pembe usipeperuke. Kozi ni sita, na kofia ni ya saba. Baba alihesabu sawasawa, Dada. Kozi ya tano na ya sita zimo kwenye karatasi, na kuna hati kwamba mawe yake yalichongwa, yakafika. Ukutani hayamo.

Reli aliukodolea macho ule mchoro. Akaniuliza, "Kwa hiyo, Fundi, ukuta huu ulitakiwa unifike wapi?" Nikampima kwa kiganja changu. Kifuani. Reli akaenda kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Sasa wananong'ona. Mwashi mmoja amesema mzee wangu aliuza mawe ya daraja. Nilimkamata shati, wakatuachanisha. Nimewaambia wote kwamba baba yangu hakuwahi kurudi nyumbani na hata msumari wa watu. Kama ni wizi, ni wa wakubwa wake.

Wewe ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa unampelekea chakula. Mtoto wa kike wa miaka kumi anaona kila kitu. Niambie nani aliyaiba, nimtaje mbele ya watu wote. Siwezi kula wala kutulia mahali pamoja. Naupima ukuta huu kwa hatua, kwenda na kurudi, wenzangu wanasema nitaitoboa barabara.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Septemba

Mdogo wangu,

Kaa chini. Najua kwako ni kazi ngumu, lakini kaa.

Mwaka ule korongo lilichukua jiko. Kisha likachukua kibanda cha kuku na kuku wenyewe. Zikabaki hatua tisa kufika chumba ulichokuwa unalala. Ulikuwa na miezi minane. Baba alikwenda kuomba mawe ya mabaki. Wakamwambia mabaki ni mali ya reli, na mali ya reli haiombwi. Akaomba ruhusa ya wiki moja atuhamishe, akanyimwa. Halafu mkubwa wa kazi alihamishwa na mwingine alikuwa bado hajafika. Katikati hapo Baba ndiye aliyeshika mchoro.

Jumapili nne mfululizo yeye na mwenzake mmoja, ambaye naye ameshakufa, waliyaleta kwa kiberenge. Mimi walinikalisha juu ya mawe nikashika bendera nyekundu. Mtoto mwenye bendera hakuna anayemsimamisha. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilidhani tunatembea. Niliona ile mistari mitano, nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Ni umri wa jiwe."

Kisha akazishusha kofia juu ya kozi ya nne na daraja likafunguliwa. Alisema daraja ni la kupita, na mpita njia haegemei. Alijiambia hivyo miaka yote. Lakini uzeeni alianza kupanda treni peke yake kwenda huko. Anasimama darajani kidogo, anarudi. Mama alidhani ana mwanamke. Ilibidi nimfuate siku moja ili nimtulize Mama, nikamwona ameshika ukuta kwa mikono miwili, anaangalia chini.

Nimekataa kwa sababu jiwe la kwanza utakalolinyanyua hapa litasema. Ya Mama nilikusamehe kabla hujatua ule mkungu wa ndizi.

Barua yako ya kwanza ilipofika, nikasoma habari za huyo muuza maziwa, nilikwenda nyuma kuushika ukuta kama kawaida. Mkono haukutaka.

Umetaka jina umtaje mbele za watu. Nimekupa mawili, la Baba na langu.

Dada


Nyumbani, 5 Oktoba

Mdogo wangu,

Gadi amekuja bila barua mara mbili. Najua umesoma, maana kopo alilirudisha tupu. Hata tusi nitalipokea. Andika.

Dada


Nyumbani, 11 Oktoba

Kiguu-na-Njia,

Gadi anasema hajakuona darajani wiki nzima. Alikuona stesheni ya njia panda, umekaa na begi.

Basi, nenda. Sitakulaumu, wala sina haki. Ila mimi nimeanza kuubomoa. Nina mtarimbo wa Baba na bado nina mgongo. Natoa mawe manne kwa siku. Mabega yangu yanasema mengi lakini siyasikilizi. Yatakapofika mia moja na themanini nitayapeleka stesheni, mvua ikitaka ije.

Dada


Darajani, 14 Oktoba

Dada,

Weka huo mtarimbo chini. Kwanza uweke, ndipo uendelee kusoma.

Ndiyo, nilikuwa njia panda. Nilikata tiketi ya kwenda kwenye mnara wa maji, safari ya siku mbili. Treni ikaja, ikaondoka. Nikajiambia nitapanda inayofuata. Nayo ikaondoka. Mimi, ambaye sijawahi kuachwa na chombo, niliachwa na treni tatu kwa siku moja, na nne kesho yake. Mwenye kuuza tiketi alitoka dirishani kuja kunitazama kama nina homa. Nilikuwa nikiinua begi naliona lina mawe ndani, na wewe umekaa juu yake na bendera.

Nikarudi. Nilikwenda kwa Reli kabla ya kwenda kwa Injinia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na unajua maneno kwangu si haba. Yalikwisha yote mlangoni. Nikasema, "Mawe yako kwetu. Baba yangu ndiye aliyeyachukua. Aliyachukua nyumba isinizike."

Alikuwa anaosha vikombe, akaendelea kuosha. Akaniuliza, "Una miaka mingapi?"

"Arobaini na mitatu."

"Basi ilifaa," akasema. "Wewe umeishi."

Akafunika birika. Tangu siku hiyo haniuzii chai. Wenzangu wanakunywa, mimi nikikaa benchi anafuta meza mpaka niondoke. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vibaya zaidi, na kwa kelele. Yule mwashi niliyemkamata shati nimemwomba radhi mbele ya wote. Naye ndiye anayeninunulia chai kwa jina lake, naenda kuinywa nyuma ya lori kama mwizi. Ambaye ndiye mimi, ukipenda.

Injinia alinisikiliza, akafunga daftari. Hilo sijawahi kuliona. Akasema nyumba yenye mtu ndani haiondolewi ukuta karibu na mvua kabla haijapata mwingine. Amenisogezea siku mpaka mwisho wa Novemba na amenipa waashi wawili. Kisha akalifungua tena daftari, akawaza, akaandika huku anajisomea: "Mawe ya asili yamepatikana. Yalikuwa yanatumika." Huyo binti atafika mbali.

Nakuja Jumanne. Mbele ya ukuta wa zamani, upande wa korongo, nitapanga vizimba vya waya vilivyojaa mawe ya mtoni, vitatu kwenda juu. Vikishika ndipo tutatoa ya Baba, moja moja, na kujaza udongo nyuma. Usiguse hata moja kabla sijafika. Nakuomba. Sijawahi kukuomba hivi.

Mdogo wako


Nyumbani, 17 Oktoba

Mdogo wangu,

Mtarimbo nimeuweka. Mabega yanakushukuru.

Njoo. Kitanda chako kina vitambaa vya wateja, nitavitoa.

Ila tuelewane. Ukimaliza, mawe yatakwenda kwa treni na mimi nitakwenda nayo. Nilikuwa juu yake yakija. Siwezi kuyaacha yarudi peke yake. Wewe utabaki hapa mvua zikianza, uangalie ukuta wako na paa langu. Novemba moja tu. Hutakufa.

Dada


Nyumbani kwako, 21 Novemba

Dada,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha cherehani, maana ndicho pekee kinachotazama nyuma. Mvua nne zimepita. Vizimba havijasogea hata unywele. Aliyesogea ni mimi, nimekwenda korongoni na kurudi mpaka njia imejichora. Linanguruma kweli. Uliniambia nikadhani unatia chumvi. Usiku wa kwanza nilitoka nje nikaushika ukuta kwa mikono miwili, kama vile mimi ndiye ninayeuzuia. Ukicheka, cheka kidogo. Sufuria zako tatu nimezitumia, kisha asubuhi nikapanda kuziba paa. Wateja wako wawili walikuja, nikawaambia fundi cherehani yuko safarini. Walidhani nimelewa. "Yeye? Safarini?"

Kikaratasi chako kimefika. Mawe mia moja na sabini na tisa. Kozi ya sita, upande wa mashariki, pengo la jiwe moja.

Nimelitafuta kwenye majani, nimelitafuta korongoni. Kisha nikakumbuka. Baba alipokufa, ni mimi niliyechonga jina lake kwenye jiwe la kaburi. Nililitoa mwisho wa ukuta, jiwe lililokuwa limelegea. Wewe ukasema, "Chukua jingine, si hilo." Nikakuambia wewe ni wa sindano, mawe niachie. Jiwe zuri, nilisema, kama lilichongwa tayari. Sikuligeuza.

Leo nimekwenda kaburini na mtarimbo. Nimelisukuma kidogo tu, limetikisika kama jino la mtoto. Chini yake nimepapasa kwa vidole. Mistari ni sita.

Nimelisimamisha tena. Nimeondoka. Nimerudi. Nimeondoka. Watu waliokuwa wanapita wamenisalimia kwa mbali.

Dada, ning'oe? Likilazwa kifudifudi jina halitaonekana, na hesabu itatimia. Ni haki ya daraja. Au tumwachie, na huko wachonge jipya kutoka yale machimbo meupe. Ukiwaambia walipake maji ya masizi mara tatu, kila mara yakauke kwanza, halitajulikana. Mimi nafahamu, nilifanya hivyo kwa balozi. Mwezi mmoja tu, hata Injinia atapita asilione.

Amua wewe. Kichwa changu kimegeuka mzinga wa nyuki. Treni ya Alhamisi inaweza kulibeba.

Mdogo wako


Darajani, 25 Novemba

Mdogo wangu,

Sikuamua mimi. Nilikwenda kwa anayestahili kuulizwa.

Sikukuandikia habari zake kwa sababu sikujua zitaishia wapi. Siku niliyofika nilikwenda kibandani kwake kabla sijatua mzigo. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekaa juu ya mawe na bendera." Akanitazama, akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Kumi, nikasema. Akasukuma benchi kwa mkongojo wake, nikakaa. Chai ananiuzia. Nimemshonea turubai la kibanda, amelilipia, amekataa la bure. Habari zako haniulizi.

Jana nilimsomea barua yako yote, hata pale pa mtarimbo kaburini. Alikuwa ameacha maji yachemke, hakuyatazama. Akanyanyuka, tukaenda mpaka kwenye pengo. Ukuta unamfika kifuani sasa. Pale penye pengo tu ndipo anapoweza kuiona reli. Akachungulia kwa muda mrefu, treni moja ikapita chini, na yeye bado anachungulia.

Akasema, "Mwambie amwachie mzee jiwe lake. Mtu aliyelala hanyang'anywi mto."

Nikashukuru.

"Sijamaliza," akasema. "Waweke jipya. Ila wasilipake masizi. Lifanane na mengine kwa nini? Nataka nikipita nilione. Na mwingine akiliona, aniulize."

"Akikuuliza utamjibu nini?"

"Inategemea nimeamkaje."

Limewekwa leo saa nne asubuhi. Wenzako walitaka kulipaka, wanasema linaharibu kazi. Injinia amewakataza. Chini yake nimewaambia wachonge mistari sita, nimeihesabu mwenyewe kabla halijalala kwenye chokaa. Ni jeupe, linaonekana kutoka stesheni.

Mimi nitakaa huku wiki mbili zaidi. Magunia ya kufunikia chokaa yanatakiwa kuloweshwa asubuhi na jioni, na wenzako ni wavivu. Mvua hapa inanishangaza, haina korongo, inanyesha tu na kukauka.

Urudishe mtarimbo ndani. Udongo ulioutikisa pale kwa Baba ukanyage kwa miguu yako yote miwili, polepole, na usimame hapo juu yake mpaka ushike.

Dada